Majina Tuliyoliambia Sanduku

Andika hivi, mwanangu, wala usinipambe. Mimi ni Tapkigen. Baba yangu alikuwa Arap Mosonik, mfugaji wa upande wa Kabianga, na mama yangu alikuwa Tabutany, aliyezaliwa kule chini karibu na Bomet. Nilizaliwa Kabianga wakati vilima hivi vilikuwa bado msitu na malisho. Shule sikuwahi kuingia. Lakini haya ninayokuambia nayajua vizuri, kwa hiyo nyoosha mgongo, uandike.

Ipo asubuhi moja ambayo siwezi kuikumbuka bila kuona haya. Ilikuwa miaka ile mashamba ya chai yalipoanza kuvimeza vilima vyetu, nami nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu, Kiprono, alipata kazi ya kupanda miche, tukahamia kambini. Jirani yetu alikuwa Owino, fundi wa mashine kiwandani, mtu wa kutoka kando ya ziwa, pamoja na mkewe Akinyi. Owino huyu alikuwa na gramafoni.

Usicheke. Wewe ulizaliwa ukaikuta redio ikisema jikoni, hukuwahi kujiuliza. Mimi nilikuwa sijapata kusikia sauti ya mtu ambaye simwoni. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mdomo wa bati uliofunuka kama ua la malenge. Owino alizungusha mkono wa chuma, akaweka santuri, akashusha sindano, na mwanamume akaimba kwa lugha nisiyoijua, kwa huzuni kama mtu aliyepotelewa na ndama. Kila Jumapili kambi nzima ilijazana pale, Wakipsigis wenzangu, Waluo na Wakikuyu. Siku ya kwanza nilizunguka nyuma ya sanduku kumtafuta mwimbaji.

"Shemeji, unamtafuta nani huko?" Owino akaniuliza.

"Huyo anayeimba. Anakula nini?"

"Anakula ugali wangu. Huoni nilivyokonda?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini sikutulia. Sauti ilikuwa imeingiaje mle? Baadaye Akinyi akaniambia alivyosikia kwa mumewe, kwamba mwimbaji alisimama mbele ya mdomo wa bati kama ule, akaimba, na sauti yake ikashikwa. Hilo lilikuwa kweli. Kosa langu ni kwamba sikuuliza swali la pili.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza. Unajua desturi yetu: mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa naye na kuyaita majina ya waliokufa wa ukoo wake, moja baada ya jingine, wakimgusisha puani ugoro kidogo. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi, na mtoto huitwa hivyo nyumbani. Sasa majina ya nyumba ya Kiprono aliyajua mtu mmoja tu kwa ukamilifu, naye ni mama mkwe wangu, Tapsabei, aliyekaa Kapkatet. Alikuwa mzee, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alikuwa ameniambia waziwazi: "Njoo tupalilie wimbi pamoja mpaka liishe. Nitayasema, nawe utayasema nyuma yangu, mpaka yakukae."

Sikwenda. Nilimpelekea unga, nikarudi mbio nisikose Jumapili ya Owino. Nilijiambia kwamba palizi ni ndefu na majina ni mengi. Kisha likanijia wazo ambalo nililiona la akili kuliko yote niliyowahi kuwaza: kama sanduku limeshika sauti ya mgeni yule, litashindwaje kuishika sauti ya Mama Tapsabei?

Nikamleta. Alitembea kutoka Kapkatet kwa miguu yake, akipumzika kila kilima. Alilala kwetu, na asubuhi Owino alipokwenda kazini tukaingia kwake. Akinyi aliogopa kuligusa sanduku, lakini nilimbembeleza mpaka akazungusha mkono wa chuma, na nikamwomba aiache sindano juu, ili mwimbaji anyamaze Mama apate kusema.

Mama akauchungulia ule mdomo. "Mbona halinijibu?"

"Halijibu, Mama. Linameza tu."

"Mtu anayemeza bila kuitikia ana adabu gani?"

Hata hivyo alivuta kigoda, akaanza. Alisema tangu umande ukiwa majanini mpaka jua lilipofika utosini. Hakuwa akitaja majina makavu. Kila mmoja alimsalimu, akaeleza alikotoka, alimwacha nani, alipenda nini. Na mimi, mwanangu? Niliketi nje, hatua tatu kutoka kwake, nikichambua mboga na kupiga soga na Akinyi. Nilimsikia lakini sikumsikiliza, kwa sababu niliamini kuna anayesikiliza kwa niaba yangu.

Mvua kubwa ilipokuja na baridi yake, kifua kilimzidi Mama. Tulimzika kabla mtoto hajazaliwa. Nililia, lakini ndani yangu nilikuwa na utulivu ambao leo unanitia aibu. Nilijua majina yapo kwa Owino.

Mtoto alizaliwa, msichana. Siku ya kumwita, wanawake walikusanyika kibandani kwetu wakiongozwa na shangazi yake Kiprono, mwanamke mkavu wa maneno, aliyeolewa mbali huko Sotik angali mdogo na hivyo alijua majina machache tu. "Mkwe, Tapsabei alikuachia?" akaniuliza. Nikamjibu kwa majivuno kwamba aliniachia yote. Nikatuma sanduku liletwe. Owino alilibeba mwenyewe, akalitua mlangoni, maana mwanamume haingii.

"Hongera, shemeji! Nikupigie wimbo upi?"

"Sitaki wimbo. Fungua majina ya Mama."

Akacheka, akidhani ni mzaha wa mzazi. Nikamweleza. Alipouona uso wangu kicheko kikamkauka. "Shemeji," akasema polepole, "sanduku hili halina sikio. Lina mdomo tu. La kusikia ni mashine nyingine, iko ng'ambo huko, hata mimi sijaiona."

Shangazi akamchukua mtoto, akaita majina matatu aliyoyajua. Mtoto akapiga mwayo. Akayarudia. Mtoto akafumba macho.

"Amewakataa hao," shangazi akasema. "Haya, taja wengine. Wewe ndiye uliyeachiwa."

Nikatafuta kichwani. Nilikumbuka kwamba kuna jina moja Mama alilitaja akicheka. Nilikumbuka jingine alipoteremsha sauti, kama anayepita karibu na mgonjwa. Kicheko nilikuwa nacho, sauti nilikuwa nayo, majina sikuwa nayo. Nikaanza kulia, na katika kulia nikamwita Mama mwenyewe, "Tapsabei, Tapsabei," si kwa desturi, bali kama mtoto amwitavyo mzazi. Mtoto akapiga chafya.

Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi hakupiga. Alinirudishia mtoto mikononi, akaniambia, "Amekuja huyu kwa sababu ndiye pekee uliyemjua. Wengine wamesimama nje, na aliyewafungia mlango ni wewe." Huyo mtoto ndiye mama yako.

Miaka iliyofuata nilizunguka kwa wazee wa kike, Sotik, Bomet, hata Kipkelion, nikiuliza. Nilipata baadhi. Waliobaki hakuna aliye hai anayewajua.

Usidhani nauchukia muziki. Niliendelea kwenda kwa Owino kila Jumapili, na wimbo ule wa mwenye huzuni ningeutambua hata leo. Juzi mjomba wako alinionyesha kaseti inayoshika sauti kweli. Nikasema, ikarudia, nikajisikia nina sauti ya mbuzi. Nimefurahi kwamba sasa ipo. Lakini nakuambia kwa ukali wa mtu aliyekosea: mashine yoyote mtakayoileta nyumbani, iulizeni inafanya nini na haifanyi nini, na hata ikisikia vizuri namna gani, nawe keti usikilize. Mzee akisema, acha mboga. Uliza, rudia, kosea, urekebishwe. Hiyo ndiyo palizi niliyoikimbia.

Sasa lete kiganja nikitemee mate ya baraka, kama nilivyotemewa. Asis, Mungu wa wazee wetu, akuangazie njia, ng'ombe wako wasikauke maziwa, na watoto wako wasikuchoke unaposema.

Kisha fungua ukurasa mpya. Majina niliyoyapata nitakutajia, nawe utayasema nyuma yangu kabla ya kuyaandika. Tutakapofika kwa wale niliowapoteza, acha mstari mtupu kwa kila mmoja, wala usiujaze kwa jina la kubuni ili ukurasa upendeze. Itunze mistari hiyo pamoja na majina. Mtoto wako atakapouliza ni ya nani, mwambie ni watu wetu, na umwambie jinsi bibi yako alivyowakosa.