Niliona Wizi Kwenye Shavu la Sarafu

Mimi ndiye niliyelizima jicho la kulia la Tata Ramazani. Jiwe lililompiga sikulishika mimi, hilo ni kweli, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya ukweli huo kama mtoto nyuma ya pazia, miguu ikionekana. Leo nasema: ni mimi!

Nisikilizeni, mnicheke kidogo, kisha mnihukumu.

Mimi ni mtu wa chuo kikuu, mwenye miwani na kitambi, mkazi wa Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo. Wenzangu hapa wanakusanya madini kwa malori. Mimi nakusanya sarafu za dola moja, zile za rangi ya dhahabu zenye mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Shemeji yangu aliye Marekani alinitumia fungu zima, limefungwa karatasi kama lilivyotoka benki. Nikatoa moja, nikaitia katika kiboksi cha plastiki, nikaipa daraja mwenyewe chini ya taa ya sebuleni, taa ambayo umeme wetu huiwasha kwa kusitasita.

Sabini! Kwa wakusanyaji, sabini ni ukamilifu, hakuna hata mkwaruzo. Kuanzia sitini ni sarafu ambayo haijawahi kutumika. Chini ya sitini imeshatembea mifukoni mwa watu. Hayo niliyasoma kwenye simu, nikajiona jaji.

Tata Ramazani, na “tata” kwetu ni kama bwana, msafirishaji, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuwa na sarafu ya aina hiyo hiyo aliyoipata mpakani, imechakaa. Akaniomba yangu akailinganishe na yake nyumbani. Nikampa kwa maonyo mengi, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Akanirudishia Jumamosi adhuhuri, sokoni, malori yake yakipakia mizigo ya kwenda mji wa Fungurume. Jua lilikuwa kali. Nikatoa lenzi yangu, nikachungulia. Shavu la yule mwanamke lilikuwa na mikwaruzo!

Mnajua sisi tulivyo. Noti ya dola ikipasuka kidogo tu, kama ukucha wa mtoto, mama wa sokoni anakurudishia bila hata kukutazama. Tumezoea kuamini kwamba kila alama kwenye pesa ni kosa la mkono wa mtu. Nami nilikuwa na mtu mbele yangu.

“Tata, hii si yangu,” nikasema.

“Prof, hii njo ileile ulinipatia,” akajibu akicheka. “Ilibakia mu kiboksi yake. Hata kuifungua, mi sikuifungua.”

“Umebadilisha! Umebaki na yangu, umeniletea yako!”

“Weye ulilewa? Mu hii jua? Nunua miwani ingine, Prof, hiyo yako ilikufa!”

Wapakiaji wakaangua kicheko. Kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikampiga ngumi ya mdomo. Sikuwahi kumpiga mtu maishani, na nilipiga vibaya, kidole changu kikateguka. Akanisukuma, nikaangukia mihogo ya mama mmoja. Pale chini, suruali imechanika, heshima imekwisha, nikapiga ukelele:

“Mwizi! Huyu mwizi!”

Ee Mungu wangu!

Walitoka wapi, sijui. Watu wasiomjua, wasionijua, wasioijua hata hiyo sarafu. Hakuna aliyeuliza ameiba nini. Fimbo, mateke, mawe! Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Damu ilikuwa imemfunika uso, naye alikuwa akiniita mimi. “Prof, baambie! Baambie, Prof!” Nami nimekaa kwenye mihogo, natafuta miwani yangu.

Madereva wake ndio waliomtoa, wakiwatwanga watu kwa spana za magurudumu. Mmoja alinipitia na mimi njiani. Meno yangu ya mbele mnayoyaona leo ni ya kununua. Nilistahili.

Kesho yake, nikitafuta ushahidi wa kumfunga, nikalifungua lote lile fungu na kuzimwaga sarafu zilizobaki barazani, juani. Sarafu ambazo hakuna aliyewahi kuzitumia. Zote zilikuwa na mikwaruzo! Zilipotoka mashineni zilimwagwa pamoja zikagongana, basi. Kugongana si kuchakaa. Sarafu iliyochakaa shavu lake hulainika kama sabuni iliyotumika, mng'ao ukafa. Yangu ilikuwa inang'aa bado. Ilikuwa ileile! Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, ila taa yangu mbovu haikunionyesha.

Niliziacha pale pale, nikaenda hospitali.

Mke wa Ramazani, Mama Zaina, alinisimamisha mlangoni. “Prof, ulikuja kuangalia kama jicho ingine iko nzima?”

Nikaingia, nikaeleza yote. Ramazani, uso umevimba, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole: “Nilikusikia. Lakini mwizi uliniita mu soko. Usiniombe pole humu mu chumba. Enda ukaseme kule, na sauti ileile.”

Nikaenda. Jumamosi, adhuhuri, penye malori. Nikapanda juu ya kreti ya bia, nikapiga kelele hadi koo likakauka: “Ramazani si mwizi! Mimi ndiye mwongo! Nilikosea!”

Mama wa mihogo aliinua macho, akaendelea kupanga mihogo yake. Bwana mmoja alidhani nauza dawa, akauliza bei. Wengine wakapita. Neno moja lilimwita kila mtu. Maneno haya yote hayakumsimamisha hata mmoja.

Narudi pale kila Jumamosi. Jioni Ramazani huniuliza, akinigeuzia upande wa jicho zima: “Balisikia?” Namwambia ukweli: bado.

Wewe unayependa kuvipa daraja vitu na watu, pima juani, tena ulinganishe na vingine kabla ya kufungua mdomo. Ukiona kosa, lala nalo kwanza. Na lile neno, ndugu yangu, limeze, hata kama umeibiwa kweli! Likishatoka linaota miguu na kuokota mawe njiani. Mimi bado nalikimbiza.