Bosiljka na Koti la Mjomba

Huko Leskovac, mji wa Serbia, mtaa wa nyuma ya reli, watu walimjua Bosiljka kwa mambo mawili: ajvar yake, ile rojo ya pilipili nyekundu ya kuweka kwa majira ya baridi, na kelele za mwanawe. Kwa ajvar walimheshimu. Kwa kelele walimwonea huruma, naye huruma hiyo aliipokea kwa mikono miwili, maana tangu astaafu kazi katika kiwanda cha mboga hakuwa na starehe kubwa kuliko kuilalamikia bendi ya huyo mwanawe, Vukašin.

Bendi yenyewe iliitwa Koti la Mjomba. Walikuwa wanaume wanne wenye vitambi, wakipiga roki kwa magitaa mawili, ngoma, na tarumbeta kubwa la shaba ambalo mmoja wao, Gradimir, alizoea kulipiga arusini. Jukwaani walipanda na majoho ya kuogea. Walikuwa na wimbo wa mapenzi kwa lifti iliyokwama ghorofa ya nne, na mwingine wenye maneno mawili tu lakini unachukua dakika kumi na moja. Kampuni za muziki hazikuwataka, na wao hawakuzitaka. Rekodi walizitoa wenyewe, wakaziuza wenyewe, wanunuzi wengi wakiwa binamu zao.

Kila Alhamisi alasiri walifanya mazoezi katika jiko la uani la Bosiljka.

"Punguzeni!" mama wa watu alikuwa akipiga kelele dirishani. "Kuku wameacha kutaga!"

"Mama, huna kuku."

"Unaona sasa? Wamehama!"

Lakini lipo jambo ambalo hakumwambia mtu. Tangu mumewe Spasoje afariki, Alhamisi ndiyo ilikuwa siku pekee nyumba ile ilipokuwa na sauti isiyokuwa yake mwenyewe. Ijumaa asubuhi alikuwa ameshaanza kuhesabu siku.

Septemba wakaazima mitambo ya kurekodia, kwa Jumamosi moja tu. Jumamosi hiyohiyo pilipili nyekundu za Bosiljka, kilo arobaini, zilikuwa zimeshachomwa, zimemenywa na kusagwa, na sufuria iko juu ya moto wa kuni mlemle jikoni. Ajvar hukorogwa saa tano mfululizo. Geuza shingo umsalimie jirani, utakuta imeshika chini, na ikishika chini utakula aibu majira yote ya baridi.

"Mama, tupishe nusu saa tu," Vukašin alimsihi.

"Siku ya kukuzaa wewe nilimkabidhi kwanza mama mkwe mwiko, ndipo nikaenda hospitali. Leo niuache kwa ajili ya lifti?"

Basi wakarekodi naye akiwa palepale, mwiko ukikwaruza chini ya sufuria, kwaru, kwaru, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Katika wimbo wa sita alisikika waziwazi akimfokea Gradimir, aliyekuwa na zamu ya kuni: "Kuni moja, Gradimir! Hatupiki ng'ombe hapa!"

Rekodi ilipotoka, Vukašin, ambaye kazi yake ni kupeleka barua za posta na ambaye si mtu wa vitisho, alitamka neno lake mezani. "Hii ni ya sita, mama. Miaka ishirini tunapiga, hakuna aliyewahi kutuandika hata mstari mmoja. Februari ikiisha kimya, tunavunja bendi."

"Afadhali!" alisema Bosiljka. Kisha akaenda stoo, akakaa juu ya gunia la viazi, akalia. Aliyeiharibu rekodi alimjua.

Februari ilikuwa imefika katikati alipoiona picha ya yale majoho ya kuogea kwenye kibanda cha magazeti, ndani ya jarida moja la Belgrade. Mwandishi alikuwa Teofil Rakas, mkosoaji ambaye kumtoa sifa ilikuwa kazi kama kumng'oa jino. Bosiljka akavaa miwani, akasoma papo hapo amesimama: "Nani alimruhusu bibi huyu na mwiko wake kuingia katika rekodi ya roki?"

Uso ukamwaka moto. Hakusoma zaidi. Alinunua nakala zote nne zilizokuwepo, akaenda kuzificha stoo nyuma ya mitungi ya ajvar.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi ikafika. Gradimir alikuwa akilifuta tarumbeta lake kwa kitambaa, polepole, bila kumtazama mtu. Vukašin alikuwa akikunja nyaya.

"Basi, jamani," alisema. "Hakuna aliyeandika."

Bosiljka alisimama mlangoni. Akinyamaza, mwanawe hatajua kamwe kwamba mama yake amemtia aibu mpaka Belgrade, lakini atabaki akiamini kwamba hakuna aliyewahi kumsikiliza. Hilo la pili hakuliweza. Alikwenda stoo, akarudi na magazeti yote manne.

"Kuna aliyeandika," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuharibia."

Vukašin akafungua, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye bibi na mwiko wake, Bosiljka alijifunika uso kwa aproni. Vukašin akaendelea.

"'Nataka kumjua aliyemruhusu, nimpe mkono. Miaka thelathini nimekuwa nikimsubiri mtu anayepiga bila kutafuta kupendwa. Mwiko huu hauna haraka wala maringo, unafanya kazi yake. Na hawa vichaa wanne, na tarumbeta lao la arusi, wanamfuata bibi kama watoto walioitwa mezani. Ndiyo rekodi bora niliyoisikia mwaka huu. "Kuni moja, Gradimir" ndio mstari wake bora.'"

Gradimir akatafuta kiti. "Nimeandikwa Belgrade," alisema. "Jina kamili."

"Mama! Ulisoma mstari mmoja tu?"

"Ulinitosha!"

"Ukakaa na magazeti siku kumi!"

"Na wewe mtu wa posta, kazi yako ni kuleta habari. Mbona hukuileta?"

Wakacheka hadi mpiga ngoma akajishika mbavu. Bosiljka naye alicheka, huku akilia, na safari hii hakwenda stoo.

"Shangazi, lazima upige na sisi," Gradimir alisema. "Shika mwiko, tuanze sasa hivi."

"Sufuria tupu siikorogi. Wendawazimu ni ninyi, si mimi."

Akatoka. Wakatazamana. Akarudi amebeba sufuria ya maharagwe ya chakula chake, akaitua jikoni. Gradimir akatia kuni. Moja. Nyaya zikakunjuliwa, wakauanza wimbo wa lifti, na Bosiljka akakoroga, uso umekunjamana kama siku zote za kazi.

Ubeti wa pili haukuisha. Aliinua mkono, wote wakanyamaza.

"Vukašin," alisema, "punguza hilo gitaa. Mwiko hausikiki."