Hakuna Aliyemwambia

Kazi iliyonipeleka Kabambare ilikuwa kutafuta kwa nini watoto wengi wanarudia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Mimi ni mwanamke mzaliwa wa Kasongo, wa familia ya Kiislamu ya mjini; baba yangu alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na wakati ule nilikuwa nimeanza kufundisha kwenye chuo cha walimu. Chuo kilitugawa. Mwenzangu, mwanaume aliyenitangulia kazini, alichukua shule za Kasongo hadi Nyangwe, na mimi nikapewa za upande wa Kabambare. Nilifurahi. Nilidhani watoto wadogo ni watu rahisi kuwaelewa, mradi uwe na subira na picha zilizochorwa vizuri.

Kijiji ninachokikumbuka kiko kwenye barabara ya kwenda Salamabila, ambako pikipiki zinapita kutwa zikibeba wachimbaji wa dhahabu, madumu ya mafuta na magunia ya mchele. Shule ilikuwa ya misheni, ya matofali mabichi, na mwaka wa kwanza ulifundishwa na mwanamke wa rika langu. Mume wake alikuwa anachimba Salamabila na hakuwa akirudi mara kwa mara, kwa hiyo direkta, mkuu wa shule, aliona inafaa nilale kwa huyo mwalimu. Jioni ya kwanza nilimkuta amesimama jikoni, hajui afanye nini. Sufuria yake ilikuwa imepikiwa nguruwe wa porini wiki iliyopita, na mgeni wake alikuwa Mwislamu. Nilimwambia isimpe shida, lakini alitoka, akaenda kwa mke wa mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu mwisho wa kijiji, akarudi na sufuria ya kuazima. Tukala bugali na sombe ya majani ya mihogo tukiongea kama watu waliojuana zamani.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Nilimketisha mtoto mmoja mmoja mbele ya picha: kuku, mchi, mtumbwi, kisu. Mwalimu alitaja kitu kwa Kibangubangu, lugha ya nyumbani kwao, kisha kwa Kiswahili cha shule, na mtoto akakionyesha kwa kidole. Tulitaka kujua ni watoto wangapi wanashindwa kwa sababu tu hawajaielewa lugha ya darasani.

Karibu na ukuta alikaa msichana mmoja mwembamba aliyekuwa anarudia mwaka wa kwanza kwa mara nyingine. Mwalimu alikuwa amenionya juu yake. Alisema ana kichwa kigumu, na kiburi juu yake, maana ukimwita haitiki. Zamu yake ilipofika, alimkazia mwalimu macho mdomoni, akaonyesha kuku sawasawa, akaonyesha mchi, na mimi nikashangaa anaambiwaje ana kichwa kigumu. Kisha watoto wa mlangoni wakaanza kusukumana. Mwalimu akageuka kuwakemea, na huku amegeuka akataja mtumbwi. Msichana hakufanya kitu. Aliendelea kungoja, macho yake kwenye kisogo cha mwalimu.

Nilimwomba mwalimu aende nyuma ya mtoto, amwite jina lake. Aliliita polepole. Akaliita kwa nguvu. Mwishoni aliliita kwa sauti ambayo ilinyamazisha darasa la pili upande wa pili wa ukuta. Msichana alikuwa anaitazama picha ya kuku na kufuata mkia wake kwa kidole.

Mwalimu alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani.

“Miye nilikuwa namuita, haitike, namupiga,” akasema. “Hii wakati yote nilikuwa namupigia nini?”

Nilizikusanya picha, nikawaruhusu watoto watoke nje.

Jioni tulikwenda kwa mama wa mtoto. Alikuwa anamenya mihogo nje ya nyumba, na aliposikia tumekuja kwa ajili ya nini hakuonyesha mshangao wowote. Alitueleza kwamba binti yake alipoanza kutembea alipata homa kali, akakakamaa, na alipopona hakugeuka tena mtu akimwita. Mwalimu akamuuliza, kwa upole, kwa nini hakusema siku alipomleta shuleni. Mama akaweka kisu chini.

“Kama ningesema, mungemukubali?”

 Tulijua tungemkataa, au direkta angemkataa, na yeye pia alijua. Tulimsaidia kumenya mihogo iliyobaki, kisha tukarudi.

Kuanzia kesho yake mwalimu alimhamishia msichana benchi la mbele. Hakuna aliyemfundisha namna ya kufundisha mtoto asiyesikia, na mimi sikuwa na cha kumfundisha. Chuoni tulikuwa tumepita juu juu kwenye jambo hilo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu asiowajua. Mwalimu na mtoto walijitafutia njia wenyewe. Mwalimu alikuwa akiandika neno ubaoni, anageuka, anamwonyesha kitu chenyewe, anafanya ishara kwa mkono, na mtoto anaikubali au anaibadilisha. Mvua ilikuwa vidole vinavyoshuka. Pikipiki ilikuwa ngumi mbili mbele ya kifua. Mwalimu mwenyewe alipewa jina na mtoto: kidole kwenye shavu, mahali alipokuwa na kovu dogo la utotoni. Watoto wengine wakaishika lugha ile haraka kuliko sisi, wakawa wanaitumia kusengenyana mbele ya direkta.

Niliporudi Kasongo na kumsimulia mwenzangu, alinisikiliza vizuri, kisha akasema mtoto huyo tumtoe kwenye hesabu. Utafiti wetu ulihusu lugha na kurudia darasa. Asiyesikia angeyavuruga matokeo. Hakulisema kwa ubaya. Ndivyo tulivyofundishwa sote, na ndivyo tulivyofanya.

Nilikwenda tena wakati wa kiangazi, kabla shule hazijafungwa. Msichana alikuwa anaandika. Aliandika “maji” akakimbia kuniletea maji, akaandika “kuku” akanionyesha kuku wa direkta, akaandika jina lake, akajipiga kifuani. Mama yake alikuwa akija na kusimama dirishani akielekea shambani, na jembe begani, anaangalia kidogo, anakwenda zake. Mwalimu alikuwa mjamzito. Aliniambia, akicheka, kwamba msichana ndiye wa kwanza kuligundua darasani. Alikuja akamgusa tumbo, akaigiza mtu anayebembeleza mtoto mchanga, akamtazama kama anayesubiri jibu. Mwalimu alimkubalia kwa kichwa. Tangu siku hiyo msichana hakumruhusu abebe ndoo ya maji mwenyewe.

Mvua zilianza. Nilikuwa Kasongo, darasani, wakati direkta alipopiga simu. Nilitoka nje mvuani kumsikia, maana ndani mvua ilikuwa inapiga mabati. Alisema mwalimu alishikwa na uchungu asubuhi, mambo yakawa magumu, wakampakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali. Mtoni walikuta magogo ya daraja yamechukuliwa na maji. Walichelewa sana kupata njia ya kuvuka. Alijifungua ng'ambo, katika nyumba ya watu, na damu haikukata. Mtoto mchanga alikuwa mzima. Wakwe wa mwalimu wanakaa upande ule ule wa mto, kwa hiyo walimzika kwao, hawakumrudisha kijijini.

Nilimwambia direkta asante. Nilirudi ndani, nikamalizia somo. Sijui niliwafundisha nini.

Barabara ilipopitika nilikwenda kutoa pole. Nilimkuta direkta, nikakuta darasa limepewa kijana aliyetoka tu kumaliza masomo, na nje ya mlango wa mwaka wa kwanza nilimkuta msichana amekaa chini, mgongo ukutani, uso kwenye barabara. Kila pikipiki iliyopita aliifuata kwa macho hadi ipotee. Direkta aliniambia anakuja hivyo kila asubuhi. Kuingia haingii.

Mama yake alisikia nimefika, akaja mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi ndani ya darasa tupu, watoto wakiwa nje. Alinieleza kwamba binti yake alimwona mwalimu akipanda pikipiki amejishika tumbo, na kwamba hayo ndiyo yote aliyoyaona. Hakuona maiti, hakuona kaburi. Watu walilia kijijini, ndiyo, lakini watu wanalia mara nyingi na yeye hajui ni kwa ajili ya nani. Mama alijaribu kumwambia. Alimwonyesha ardhi, akafumba macho, akalala chini kama mfu. Msichana alidhani mama anaumwa, akamletea maji.

“Anazani alienda kuzaa, atarudi na mutoto,” akasema. “Dada, ninyi munasomaka mambo ya watoto. Mumuambie.”

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na walimu, na wakaguzi, na watu waliotoka mbali wakiwa wamevaa viatu vya kupandia milima. Hakuna lililonikuta mtupu kama lile. Nilikuwa na picha za kuku na mchi.

Nilichoweza kufikiri ni kumpeleka. Tulichukua pikipiki mbili, mama na binti yake kwenye moja, mimi kwenye nyingine. Msichana alipoona tunaelekea njia aliyoifuata mwalimu, uso ulimfunguka. Mtoni, magogo mapya yalikuwa yamewekwa. Tulivuka kwa miguu nyuma ya pikipiki, na yeye alitutangulia, akageuka kutuhimiza kwa mkono.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya wakwe, karibu na migomba, udongo bado mwekundu, msalaba wa mbao umeegemea upande mmoja. Nilipiga magoti. Nikagusa shavu langu, mahali pa kovu, kisha nikaweka kiganja juu ya udongo. Msichana alitikisa kichwa. Aliniwekea ngumi mbili mbele ya kifua, pikipiki, akaonyesha barabara. Akaigiza tumbo. Akaigiza mtoto mikononi. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfahamisha mgeni aliyekosea njia. Nilirudia: shavu, udongo. Akatikisa kichwa tena, na safari hii kwa hasira.

Wakati huo mama mkwe wa mwalimu alitoka ndani kuja kutusalimu, na alikuwa amembeba mtoto mchanga.

Msichana alimwona. Alitabasamu, akaenda mbio, akasimama mbele ya yule mama mzee, akachungulia nyuma yake, mlangoni. Hakukutoka mtu. Akamtazama mtoto. Akatazama mlango. Kisha aligeuka, taratibu, akatazama mahali nilipokuwa nimeweka mkono wangu.

Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa mtoto mwingine. Yeye mwenyewe hakuisikia, hakujua ni kubwa kiasi gani, wala wapi pa kuikomesha. Wanawake wa nyumba za jirani walitoka. Mama yake alimshika kiuno, akaketi naye kwenye udongo, akamfunga ndani ya kitenge chake hadi kichwani, na wakakaa hivyo, na yule mama mkwe naye akaanza kulia upya kwa ajili ya mkwe wake. Mimi nilimpokea mtoto mchanga ili bibi yake alie vizuri. Alikuwa mtoto wa kiume. Alilala wakati wote.

Msichana alirudi shuleni kwa muda. Kijana aliyepewa darasa hakuwa mtu mbaya; alimwacha benchi la mbele, hakumgusa kwa fimbo. Lakini alizoea kusema huku anaandika, uso ukiwa kwenye ubao, na watoto waliojua ishara walikuwa wamepanda mwaka wa pili bila yeye. Kabla ya Pasaka msichana aliacha. Nilizungumza na direkta, nilizungumza na mama. Niliwatajia shule ya watoto wasiosikia iliyo katika mji wa mbali. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza ni nani huko ambaye mtoto wake atamjua. Sikumlazimisha.

Ripoti yetu ilisomwa Kasongo, ukumbini, mbele ya wakuu wa shule na watu wa serikali. Ilisema watoto wanaofundishwa kwanza kwa lugha ya nyumbani wanarudia mwaka wa kwanza mara chache zaidi, na ni kweli. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi moja niliyoipigania, inayoomba watoto wapimwe masikio wanapoandikishwa. Msomaji aliipita haraka kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri chakula.

Bado napita kijiji kile nikiwa na safari ya kikazi. Msichana amekuwa mrefu. Anatwanga mihogo na mama yake, anauza unga sokoni siku za soko, na watu wanasema hadanganyiki kwenye mahesabu. Mama yake aliniambia jambo moja mwaka jana. Wifi wa huyo mama alikuwa anakaribia kujifungua, wakamletea pikipiki impeleke hospitali mapema, salama tu, hata uchungu haujaanza. Msichana alipomwona anapanda alitupa ungo, akaenda akamshika kitenge. Walimbembeleza, hakuachia. Ilibidi wanaume wamtoe kwa nguvu, kidole kimoja kimoja, na pikipiki ilipoondoka alikimbia nyuma yake hadi pumzi zikamwishia.

Wifi alirudi salama na mtoto wa kike. Nyumba nzima ilimzunguka mtoto. Msichana hakumtazama. Alimwendea yule wifi, akamshika mkono, akaugeuzageuza, akampapasa bega na uso, kisha akakaa chini karibu na miguu yake na hakutaka kuondoka hapo hata chakula kilipoiva.