Siku 562 zilizopotea kwenye faili la dobi

Saa kumi na mbili asubuhi. Katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini ya ngazi za wodi ya upasuaji, mwanamume wa miaka hamsini na moja anamimina gunia la mashuka kwenye sinki la saruji na kufungulia maji ya baridi.

"Damu haitaki maji moto," anasema bila kugeuka. "Ukiipa moto inashikana na shuka, haitoki tena. Wageni wote hukosea hapo. Mtu siku ya kwanza anataka kuonyesha bidii, anachemsha, basi kaharibu."

Wenzake wanne humwita Sajenti. "Sajenti, foronya zimeasi huku!" anapaza sauti mama mmoja aliye kwenye mashine ya kukaushia, na wengine wanaangua kicheko. Yeye pia anacheka kidogo, halafu anarudi kwenye sinki. Viganja vyake vyote viwili vina kovu pana, lililolala mlazo kutoka kidole cha shahada hadi upande wa pili.

Dobi huyu ni askari wa akiba kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Siku za juma anafua. Siku mbili za mwisho wa kila mwezi anavaa magwanda, anakwenda kambini kufanya mazoezi, na ikitokea dharura huitwa kama askari mwingine yeyote. Hiyo ndiyo kazi anayoipenda, na ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Anachodai ni kidogo ukikisikia mara ya kwanza. Anataka tarehe aliyopandishwa cheo irudishwe ilipokuwa: Machi 6, miaka minne iliyopita. Kwenye faili lake imeandikwa Septemba 19 ya mwaka uliofuata. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 562, na ndani ya siku hizo kuna mtu aliyekufa.

Machi 6 ilikuwa siku ya gwaride. Mkuu wa kikosi, ambaye naye sasa ni marehemu, alimvisha tepe tatu za usajenti mbele ya watu wapatao mia mbili. Mkewe alikuwepo, amekaa safu ya tatu, na anakumbuka kwamba pini ilimchoma mumewe begani naye akajikausha asishtuke. "Nilimwambia jioni, wewe mwanamume una kiburi, hata sindano unaionea aibu," anasema.

Kumbe karani aliyechapa amri ile alikosea namba ya askari. Badala ya namba inayoishia na 14 akaweka 41. Hiyo 41 ilikuwa ya mshonaji nguo mmoja aliyekwisha kustaafu kikosini kwa sababu ya mgongo. Kwa hiyo kwenye karatasi aliyepandishwa cheo alikuwa mshonaji, naye hana habari, yuko kwenye cherehani yake anashona sare za shule.

Kosa liligunduliwa mwaka mmoja na nusu baadaye. Mtu mwenye akili zake angefuta tarakimu mbili, akaandika mbili nyingine, akatia sahihi, yakaisha. Idara ya kumbukumbu haikufanya hivyo. Ilifuta amri nzima na kuandika mpya, na amri mpya ikabeba tarehe ya siku ilipochapwa. Hakuna aliyemwambia dobi. Yeye aliendelea kuvaa tepe zake tatu, akiitikia "Sajenti" kila alipoitwa.

Amri hiyo ya pili ilichapwa miezi mitano baada ya mafuriko.

Mafuriko yale yaliingia mjini Aprili 22, asubuhi, baada ya mvua ya siku tatu. Kikosi cha akiba kiliitwa. Sajenti alipewa watu sita, kamba na mtumbwi wa mpira, akapelekwa kwenye mtaa wa maduka uliokuwa umegeuka mto. Juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi alikuwepo bibi mmoja na wajukuu wake wawili. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kutoboka kwenye nondo. Ilibaki kamba.

Mmoja wa wale sita alikuwa fundi rangi wa miaka ishirini na tisa, mwogeleaji hodari kuliko wote. Sajenti alimwamuru avuke na ncha ya kamba, akaifunge kwenye nguzo ya duka.

"Aliniangalia," anasimulia, na mikono yake imesimama ndani ya maji ya sinki. "Akaniambia, 'Sajenti, maji haya yana fujo leo.' Nikamwambia, nenda, nimekushika. Ndivyo nilivyosema. Nimekushika."

Fundi rangi alivuka. Alifunga kamba. Bibi alipita, wajukuu wakapita. Yeye alikuwa wa mwisho kurudi, amejifunga kiunoni kamba ya pili iliyokuwa mikononi mwa sajenti, wakati gogo liliposhuka na mkondo na kumpiga. Kamba ilimponyoka sajenti ikiondoka na ngozi ya viganja vyake. Mwili ulipatikana siku mbili baadaye, kilomita nne kufuata mkondo.

"Sikumshika," anasema. Anafunga bomba. "Watu wananiambia usijilaumu. Wanasema vizuri tu, lakini hawakuwepo."

Ripoti ya uchunguzi ilitoka miezi kumi baada ya msiba. Kanuni za kikosi zinasema ni sajenti na kuendelea tu anayeweza kumwamuru askari aingie kwenye maji yanayokwenda kasi. Wachunguzi wakafungua faili, wakakuta Septemba 19. Wakahesabu, wakaandika: siku ya tukio kiongozi wa kundi alikuwa koplo, hivyo hakukuwa na amri halali, na marehemu aliingia majini kwa hiari yake mwenyewe.

Maneno hayo, kwa hiari yake mwenyewe, ndiyo yaliyoleta balaa lote. Aliyekufa kwa amri, akiwa kazini, huandikwa jina kwenye ukuta wa mawe ulio kando ya lango la kambi. Aliyejipeleka mwenyewe haandikwi. Fundi rangi hayupo kwenye ukuta.

Tangu alipoisoma ripoti hiyo dobi ameandika barua kumi na moja. Amejibiwa mara mbili. Jibu la kwanza lilisema barua imepokelewa. La pili lilitumwa kwa mshonaji nguo, kwa sababu ndani ya mtandao wa idara namba ile ya 41 bado inamfuata kama kivuli. Mshonaji alilileta hospitali kwa baiskeli, mgongo ukimuuma.

"Afande, naona wamenipandisha tena," alimwambia. "Mwaka huu nadhani nitakuwa jenerali." Walicheka wote wawili mpaka machozi, kisha wakakaa kwenye benchi wakitazama ile bahasha.

Kwenye idara ya kumbukumbu amekwenda mara kumi na tisa. Anaomba ruhusa, anapanga foleni, anapigwa danadana. Dirisha la pili linampeleka la tano, la tano linamrudisha la pili. Safari moja alimuuliza karani: "Na lile gwaride nililovishwa tepe mbele ya watu mia mbili?"

"Mzee wangu, gwaride si waraka," karani alimjibu.

Mimi ninayeandika makala haya nami nilikwenda kwenye madirisha hayo, nikaelekezwa ghorofani kwa ofisa mmoja mwenye meza safi kupita kiasi. Ofisa alikuwa mpole. Aliomba asitajwe, akaeleza kwamba kosa lolote kwenye kumbukumbu linaweza kusahihishwa. "Tatizo la huyu bwana," alisema, "ni kwamba tarehe yake si kosa. Tarehe yake ni sahihisho la kosa. Sasa sahihisho utalisahihishaje?"

Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Alirudia vilevile, neno kwa neno.

Ushahidi upo. Siku ya mafuriko kamba na mtumbwi vilitolewa ghalani, na ghala halimpi vifaa vya uokoaji mtu aliye chini ya sajenti. Dobi alitia sahihi kwenye daftari, na mtunza ghala akaandika cheo chake pembeni kwa mkono wake. Lakini alipoombwa nakala ya ukurasa huo, mtunza ghala alikuwa na visingizio kibao. Mara ufunguo umepotea. Mara daftari limeliwa na mchwa.

"Niliogopa, sitaficha," mtunza ghala anakiri. Ni mtu mnene, na amebakiza mwaka mmoja astaafu. "Kama alikuwa koplo, mimi nimempa koplo vifaa vya sajenti. Hapo nimemwaga unga. Na akishindwa kesi yake, ukurasa ule unatufunga wote wawili. Nina binti yuko chuo, unanielewa?"

Mwezi uliopita alibadili mawazo. Anasema alipita langoni akausoma ukuta wa majina kutoka juu mpaka chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote aliyopita hapo. Siku iliyofuata alileta nakala, imekunjwa mara nne ndani ya kofia yake. Mchwa hawakuwa wameugusa ukurasa ule.

Mke wa dobi hakufurahi. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya hospitali, na magwanda yananing'inia mlangoni yamepigwa pasi kama ya bwana harusi. Anazungumza akichambua mchele, na hasira haijifichi.

"Baba watoto anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe," anasema. "Mwanasheria alituambia waziwazi. Tarehe ikirudi, faili la kifo linafunguliwa upya. Watauliza nani alimpeleka mtu majini bila jaketi la kuokolea. Ni yeye! Leo hii kwenye karatasi hana kosa. Wenzake wanahonga wafutiwe makosa, huyu anapanga foleni aandikiwe lake."

"Majaketi yalikuwa manne, yote yalikuwa mtaa wa pili," mumewe anasema taratibu.

"Hayo waambie wao. Mimi najua." Anaacha ungo. "Mimi sitaki kukuletea sabuni mahabusu, basi."

Baadaye, akinisindikiza, mama huyu ananiambia mlangoni kwamba kila mwisho wa mwezi ni yeye anayeyapiga pasi yale magwanda.

Mama wa fundi rangi ni mfagiaji wa shule ya msingi. Chumba chake kina kitanda, meza, makopo matatu ya rangi chini ya kitanda, na ukuta mmoja uliopakwa buluu hadi usawa wa bega. Juu ya hapo ni plasta tupu. Mwanawe alianza kuupaka Jumapili, akaahidi kuumaliza Jumapili inayofuata. Alikufa katikati ya juma. Mafundi wenzake walijitolea kuja kuumaliza, mama akawakatalia.

"Wamesema alijipeleka," anasema. "Mwanangu hakuwa mtu wa kujipeleka. Hata kula ilikuwa mpaka aitwe. Unaita mara tatu, ndipo unasikia, 'Naam mama, nakuja.' Leo waniambie alijitupa mtoni kwa hiari yake? Walimjua wapi?"

Dobi alikwenda kwake wiki moja baada ya mazishi. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemtuma." Mama alimfungia mlango. Kwa zaidi ya miezi tisa hakumfungulia, ingawa kila Jumamosi alisikia hatua zake zikija na kuondoka, na akakuta ndoo zake mbili zimejazwa maji.

Ripoti ilipotoka, mama alikuwa wa kwanza kumtafuta. Alimfuata mpaka chumba cha kufulia, ufagio mkononi, mbele ya wenzake wote.

"Wewe uliniambia ulimtuma," alimwambia.

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda kawaambie na wao waandike. Sijakusamehe. Lakini nenda kawaambie."

Bado hajamsamehe, na hasemi uongo kuhusu hilo. Jumamosi humfungulia mlango, humpa kiti. Wanakaa wakiutazama ukuta, mazungumzo yao ni ya bei ya sabuni na watoto wa shule wanaotupa maganda. Jina la marehemu halitajwi.

Kamati ya masahihisho ya kumbukumbu itakaa tarehe 14 mwezi ujao. Ina watu watano na hukaa mara mbili kwa mwaka. Ikikataa hakuna rufaa, kwa sababu mwaka kesho dobi anatimiza miaka hamsini na mbili, umri wa kustaafishwa kikosini, na faili la mstaafu halifunguliwi tena. Ana nakala ya ukurasa wa ghala, ana barua ya mshonaji inayosema cheo kile hakikuwa chake, na mkewe amekubali kutoa ushahidi kuhusu ile pini ya begani, ingawa amesema atakwenda akiwa amenuna.

Fomu aliyoijaza ilirudishwa juzi. Kipengele cha tisa alikiacha wazi, na dirisha la pili limesema fomu yenye nafasi wazi haipokelewi. Kinauliza: Manufaa anayotarajia mwombaji. Chini yake wameweka mifano ya kumsaidia mtu, nyongeza ya mshahara, marupurupu, haki ya kupandishwa tena.

"Nilikaa nayo siku mbili," anasema. "Nikaona hakuna langu hapo."

Saa nne wenzake wanatoka kunywa chai. Yeye anakausha mikono kwa taulo, anafuta meza ya kupigia pasi, anaitandaza fomu. Kalamu inamtesa, maana kovu halimruhusu kuukunja mkono vizuri. Anaandika polepole, kwa herufi kubwa, kisha anaigeuza fomu ili nisome.

Ameandika: NIANDIKWE KWAMBA NI MIMI NILIYEMTUMA.