Jibu Sahihi Lilivyomuumbua Yonathani

Nilimkamata mwongo kwa sababu alijibu sahihi.

Msicheke. Kaeni niwaambie.

Huku kwetu bondeni Momba mtandao hakuna. Simu zetu zinapokezana ujumbe, hii kwa ile, mpaka ufike mnarani, kule mlimani. Kila simu inajitangaza iko umbali gani na mnara, na ujumbe unaikimbilia inayosema iko karibu zaidi.

Simu ya Yonathani wa bodaboda ilijitangaza iko karibu na mnara kila saa. Hata akisinzia uani kwangu, karibu.

Mkwe wangu Shani alikuwa na mimba ya miezi tisa, mtoto kakaa vibaya. Nesi alishasema: uchungu ukianza, lije gari la wagonjwa. Wa kuliita ni mdogo wangu Conjesta, anayeishi jirani na kituo cha afya.

Jumanne asubuhi, uchungu. Nikatuma ujumbe.

Jibu chap: "Gari linakuja, dada."

Saa tatu. Saa nne. Hola.

Yonathani huyo, na pikipiki yake. "Bibi, gari zenyewe ndo hizo. Mpakie hapa, nimfikishe fasta."

"Kwenye mashimo yale? Na mtoto kakaa vile?"

"Bibi, mi dereva, si mkunga."

Nikawaza. Conjesta hajawahi kujibu chap tangu azaliwe.

Nikamtumia: "Kitendawili. Nyumba yangu haina mlango."

Chap: "Yai."

Nikamgeukia Yonathani. "Zima simu yako."

"Kwani nimekosea, bibi? Si yai?"

Na kitendawili sikuwa nimemtajia.

Ni yai. Dunia nzima ni yai. Ila Conjesta, ana miaka sita, alijibu "boga" mbele ya wageni, tukamcheka wiki nzima. Tangu siku hiyo, kwetu sisi wawili ni boga. Kumbe ujumbe wangu wote ulikuwa ukiishia kwa Yonathani, naye akijibu kwa jina la Conjesta, apate nauli.

Yonathani akazima. Nikatuma kitendawili upya, njia mbili: moja kupitia simu ya Atuganile wa mashine ya kusaga, nyingine kupitia ya Kefa, yuko machungani.

Baada ya nusu saa: "Boga. We dada, asubuhi yote hii vitendawili, huna kazi?"

Ndipo nikamweleza.

Gari likafika saa sita. Mtoto alitanguliza miguu, mikononi mwa madaktari. Tukamwita Kashinje, kama Wasukuma tunavyowaita wajao hivyo.

Yonathani bado anatupeleka mnadani. Ujumbe tu ndio haubebi tena.

Wajukuu zangu, anayejinadi yuko karibu, mtegeeni kwanza. Na neno la uhai lipitisheni njia mbili zisizokutana.

Haya, kitendawili: kila siku nipo karibu, sifikishi kitu.

Jibu msilipitishe kwa Yonathani.