Rozari ya Mpakani

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye msalaba wa bibi yangu. Ndiyo, msalabani. Kamba imezungushwa palepale palipoandikwa jina lake, na mbuzi anatafuna maua niliyoyapanda mwenyewe. Nilikuwa nimetoka asubuhi Kahororo, nilikoolewa, mtoto mgongoni, jembe mkononi, nimekuja Kamachumu kusafisha kaburi kwa ajili ya Siku ya Marehemu. Pembeni ya kaburi mjomba, mtoto wa mdogo wake babu, alikuwa anachimba shimo la mgomba. Mgomba wake, ndani ya kibanja chetu, shamba alilotuachia bibi.

Shikamoo ilinitoka kwa mazoea tu.

"Marahaba. Umekuja kututembelea?"

"Mulamula ziko wapi, mjomba?"

Mulamula, kama wewe si wa kwetu, ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuonyesha mpaka. Upande wa kaburi zote zilikuwa hazipo. Akacheka. "Mtoto wa kike, tena umeolewa huko. Mipaka ya huku unaijulia wapi?" Halafu akamtazama mwanangu, akasema polepole kama mtu anayenipa ushauri: "Una mtoto mgongoni. Angalia unapokanyaga."

Nilishamvumilia mengi huyu mtu. Mikungu inakatwa michanga, kahawa inachumwa kabla hatujafika, tunanyamaza. Siku hiyo nilikata kamba kwa jembe, mbuzi akakimbia, na uvumilivu wangu ukakimbia naye. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikajikuta nimemshika mwanangu mguu kwa nguvu, na woga ule niliutambua. Niliwahi kuwa nao nikiwa mdogo, katika kibanja hikihiki, nimeng'ang'ania mkono wa bibi.

Ngoja nikueleze bibi alikuwa mtu gani. Babu alifariki mama yangu akiwa bado ananyonya. Ukoo ukamwambia bibi arudi kwao, maana hakuzaa mtoto wa kiume. Akagoma. Alilima, akachuma kahawa, akaianika kwenye jamvi, akamsomesha binti yake. Mama alipopata kazi ya kupika shuleni Bukoba mjini, mimi nikabaki kwa bibi, akanilea kama alivyomlea mama: kwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, maharage na sala.

Jumamosi tulikata nyasi mbichi tukazitandaza sakafuni. Hadi leo nikisikia harufu ya nyasi iliyokatwa tumbo linanguruma, maana tukimaliza kutandaza ndipo chungu kiliepuliwa, ndizi zimefunikwa kwa majani ya mgomba, mvuke unakupiga usoni. Msimu wa senene, wale panzi tunaowala, alinikalisha kunyonyoa mabawa na miguu, na nikiiba wa kwenye kikaango alijifanya anatafuta chumvi. Jumapili tulishika njia ya kanisani umande haujakauka, viatu mkononi, tukavivaa tukishauona mnara.

Lakini jioni, rafiki yangu. Jioni nilikuwa naichukia.

Jua likianza kushuka, bibi alichukua rozari tukatoka. Nyumba nyingine walisali wamekaa kwenye nyasi zao, mlango umefungwa. Sisi tulisali tukitembea, tukizunguka kibanja chote mpakani, mulamula hadi mulamula. Tendo la kwanza la rozari lilianzia nyuma ya jiko. La pili, kwenye kona ya mbuni mkubwa wa kahawa. Majani makavu ya migomba yalikuwa yanasuguana kama kuna mtu anatufuata. Na ng'ambo, mjomba, wakati huo kijana wa mabega mapana, alikuwa ananoa panga kwenye jiwe. Kila jioni, saa ileile. Kwaa, kwaa. Tukifika usawa wake alinyamaza. Tukishapita, akaendelea. Pale pa kunyamaza ndipo paliponimaliza.

Bibi hakuongeza mwendo. Ila kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, na mimi niliyekishika nilijua.

"Sali kwa sauti," aliniambia. "Watu wajue tuko wapi."

Basi nikasali naye karibu na kupiga kelele. Tukimaliza sehemu yetu ya "Salamu Maria, umejaa neema", kutoka jikoni kwa jirani yetu, mama mmoja wa mpaka wa chini, sauti iliitikia: "Maria mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Maneno hayo ya mwisho niliyaogopa. Nilihisi anatuambia sisi wawili. Tukichelewa kutoka, aliita: "Waitu, wenzangu, leo hamsali?" Na bibi akajibu, "Tunakuja!"

Niliamini ni uchaji tu wa wanawake wawili wa jumuiya moja. Hadi siku ya mbuzi. Nilipotoka kaburini nilikwenda kwa huyo jirani, sasa mzee, anamenya ndizi mlangoni, nikamwaga hasira zangu zote mbele yake. Alinisikiliza, akaweka kisu chini.

"Bibi yako hakukwambia? Siku moja alikuta kuku wake wamekatwa vichwa, wamepangwa mlangoni. Akaja hapa akaniambia, ukinisikia nimekatika katikati ya Salamu Maria, piga yowe, kijiji kizima kije."

"Kwa hiyo wewe jikoni ulikuwa..."

"Kupika! Nani alikuwa anapika? Nilikuwa nasikiliza. Mume wangu kala maharage yaliyoungua miaka." Akacheka, kisha akafuta macho. "Huo mpaka naujua kwa masikio. Na huyo mjomba wako ni mvivu. Kakata mulamula kwa panga, kafunika kwa nyasi. Hazifi hizo. Kafukue uone."

Nilifukua. Visiki vilikuwa vimeanza kuchipua.

Bibi alifariki kitandani kwake, mzee, rozari mkononi, na kumbe huo ndio ulikuwa ushindi wake. Nyumba yake imeanguka. Hakuna tena anayetandaza nyasi, na jioni pale kijijini utasikia redio na simu, husikii mtu anaitikiana na mwenzake. Jirani sauti imekuwa nyembamba. Akinyamaza naye, nani atajua tulipita wapi?

Nilipokwenda ofisini kushtaki, mtendaji wa kijiji aliniambia, "Mama, mambo ya ukoo mkayamalize nyumbani."

"Nyumbani ndiko ninakoogopa kwenda."

Akanitazama, akamtazama mtoto, akanisogezea karatasi. Mama yangu miguu imeshamchosha, hivyo nimeandika mimi, na muhuri umegongwa:

*Kwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa niaba ya mama yangu mzazi, nalalamika kwamba mjomba wangu amekata mulamula za mpaka upande wa kaburi la bibi yangu, amepanda migomba yake ndani, na amenitisha mbele ya mwanangu. Naomba baraza lije kibanjani wakati wa jioni. Tutaanzia nyuma ya jiko la bibi, pale lilipokuwa. Mimi nitatembea nikisali kwa sauti, na jirani yetu, ambaye ni shahidi, ataitikia kutoka jikoni kwake kama zamani, aseme pale nitakapokosea njia. Mje na jembe, visiki mtavikuta. Naogopa. Nimeandika ili watu wajue tuko wapi.*