Maharage Meusi ya Mugunga

Nilitoka Butembo kwa sababu mama alikataa kupanda. Misimu miwili mfululizo shamba lake lilikuwa la maharage meupe matupu, yale ambayo wachuuzi waliyapenda kuliko yote, na mlima wetu mzima ulikuwa umechambua rangi nyingine na kuzimalizia chunguni. Meupe yalipendeza macho, siwezi kukataa. Kisha mvua ikazidi, mizizi ikaoza, na tukavuna majani. Mama akakumbuka maharage meusi, madogo, ambayo zamani yalistahimili mvua kama ile. Hakuna jirani aliyebaki nayo. Tumaini lake lilikuwa moja tu, mdogo wake Kavira, aliyeolewa upande wa Goma na kuondoka na mbegu hizo siku ya harusi yake.

"Uende uyalete mbele ya mvua kuanza," mama aliniambia. "Na usifike kwake mikono mitupu. Mutu anachukua mbegu, anaacha mbegu."

Akafunga meupe yake ya mwisho kwenye kitambaa. Mimi ni mshonaji wa nguo, si mkulima, lakini hata mimi niliona tunawapelekea watu ugonjwa. Nilikipokea, kwa kuwa mama akishafunga kitambaa hakuna mazungumzo tena.

Alfajiri nilipanda lori la viazi, juu kabisa ya magunia. Lubero ilitupokea kwa baridi iliyonifanya nivae makoti mawili ya wateja wangu, Mungu anisamehe. Tulilala Kanyabayonga. Kesho yake, juu ya mteremko wa Kabasha, tulizuiwa kwenye kizuizi mpaka malori yanayopanda yamalizike, maana njia ile haitoshi mawili. Sikujutia kungoja. Chini yetu uwanda wa Rwindi ulikuwa umetandazwa mpaka ukungu unapoanza, na nyati walionekana kama vifungo vilivyomwagika juu ya kitambaa.

Rutshuru ilikuwa migomba na kahawa kila upande, na watu wakiamkiana kwa Kinyarwanda kwa upole ambao ningependa wateja wangu wajifunze. Kutoka pale ardhi ilianza kuwa nyeusi. Mlima wa volkano, Nyiragongo, ulikuwa unatoa moshi taratibu, na hakuna aliyeutazama isipokuwa mimi.

Goma niliifikia jioni. Ulikuwa mji mdogo, safi, wenye maua mbele ya nyumba za Wazungu na ziwa la bluu nililotaka kulikunja nipeleke nyumbani. Nilipata pa kulala kwa mtu wa kwetu anayepakua mashua bandarini. Asubuhi nikashika njia ya Sake kwa miguu, nikipita Ndosho, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba na mawe, mpaka Mugunga.

Shamba la mama mdogo Kavira lilinishangaza kuliko Rwindi. Halikuwa shamba. Lilikuwa jiwe la volkano lililopoa, lenye nyufa na mashimo, na katika kila shimo alikuwa amemwaga udongo alioubeba kwa kikapu. Mashina makavu ya maharage yalisimama mashimoni hata pale ambapo ningeona aibu kupanda kifungo. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Weye njo mutoto ya dada yangu Masika?" alisema. "Uko na pua yake. Ingia, ukule kwanza."

Nilikula, nikaeleza shida ya mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua mtungi akaenda kuteka maji ziwani, mwendo mrefu. Mimi nikaona nimsaidie. Nikashusha kikapu chake cha mbegu, nikakimwaga mkekani, nikayachambua maharage yote kwa rangi, kama tulivyozoea kwetu kabla mchuuzi hajaja. Njano huku, mekundu huku, ya madoa kule. Nilitengeneza marundo mazuri sana.

Aliporudi alisimama mlangoni na mtungi kichwani.

"Nani alikutuma kuachanisha ndugu?" aliuliza. Halafu akacheka mpaka maji yakamwagika. "Umeyapanga sawa batu ya kesi mbele ya tribinali."

Akaketi, akanionyesha. Njano huiva haraka, mvua ikikatika mapema. Mekundu huvumilia jua. Ya madoa hukubali udongo kidogo. "Siwezi kujua musimu itakuya namna gani," alisema. "Njo maana ninapanda yote. Moja ikianguka, ingine inasimama."

Lakini mimi nilikuwa nimeshayaona marundo yote, na moyo ulikuwa umeshuka. Jeusi halikuwepo hata moja. Nilimwambia hivyo, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa sababu mawazoni nilimwona mama amekaa mlangoni na jembe kavu.

Mama mdogo akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya migomba, penye udongo mzito, palikuwa na kipande kidogo cha shamba, kama kitanda. Akatoa kibuyu, akapekua majivu ya kuzuia wadudu, na kunimiminia maharage meusi kiganjani. Yalijaa ngumi moja tu.

"Huku haizai," alisema. "Kila musimu ninapanda, inanipa hii tu. Bwana yangu anacheka."

"Sasa kwa nini unapanda?"

"Dada alinifungia hii mbegu siku nilitoka kwetu. Ningekuja kumwambia nini?"

Sioni haya kusema nililia. Alinigawia nusu, na kidogo kutoka kila rundo. Ndipo nikatoa kitambaa cha mama kwa aibu. Alimimina meupe yale kikapuni bila kusita, akayachanganya na mengine yote kwa mkono.

"Haya haiko mabaya," alisema. "Muliyaacha peke yake."

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, ila nilisafiri na fundo la mbegu kifuani badala ya mfukoni. Mama alipanda yote pamoja. Mvua ilikuja nzito kama mwaka uliotangulia. Mengi yalidhoofika, meusi yakasimama.

Siku ya mavuno tulikuwa na hamu ya maharage kuliko nyama. Mama hakubandika chungu. Alichagua meusi yaliyo bora, akayafunga kwenye kitambaa kile kile, akaniambia nitafute lori la Goma. Nikamkumbusha kwamba Mugunga hayazai.

"Ninajua," alisema akikaza fundo. "Huku itazaa. Kule itabaki, hata yetu ikiisha."

Nilikwenda kutafuta lori.